Alisema Nani? Historia ya Kitenzi "Said" Katika Magazeti ya Kiingereza

Katika karamu moja mjini London, nyumbani kwa mwigizaji Samuel Foote, wageni walikuwa wakiisifu hotuba ambayo William Pitt aliitoa bungeni mwishoni mwa enzi za uwaziri wa Robert Walpole. Mmoja wao, Dakta Francis, aliyekuwa ametumia miaka akitafsiri hotuba za Demosthenes, alisema kwamba hata Mgiriki yule hakufikia kiwango hicho. Wengine wakaitikia, wakawa wanakumbushana vipande walivyovipenda. Mwandishi Samuel Johnson alinyamaza mpaka sifa zilipokwisha, ndipo akawaambia kwamba hotuba hiyo aliiandika yeye, katika chumba cha darini, mtaa wa Exeter.

Hakuwa akitania. Tangu mwaka 1741 hadi mwanzoni mwa 1744, Johnson, wakati huo mtu wa mkoani asiye na jina wala fedha, ndiye aliyeandika taarifa za mijadala ya Bunge katika jarida la Gentleman's Magazine. Kwa kauli yake mwenyewe, ukumbini mle alipata kuingia mara moja tu. Mwenye jarida, Edward Cave, alikuwa amewapoza mabawabu kwa fedha. Watu wake walipenya ndani, wakarudi na majina ya waliozungumza, upande aliounga mkono kila mmoja, mfuatano wao, na vidokezo vya hoja. Vidokezo hivyo vilipelekwa kwa Johnson, naye akavitia nyama: sentensi ndefu, dhihaka, na hasira za watu waliosoma. Pitt alisema hivi, Walpole alisema vile. Wasomaji waliamini.

Leo mwandishi wa habari wa Kiingereza hufundishwa mapema kutumia "said" na kuachana na visawe vyake. Kitenzi hicho kimetumika mno hata jicho la msomaji hukiruka. Lakini kimebeba ahadi tatu: kwamba aliyetajwa alifungua kinywa kweli, kwamba kuna aliyemsikia, na kwamba aliyemsikia hakuyatengeneza upya maneno yake. Iliyachukua magazeti zaidi ya karne moja kuweza kuzitimiza. Na yalipoweza, yakagundua kwamba ahadi yenyewe ina tundu, kwa sababu kuthibitisha kwamba mtu amesema jambo si kuthibitisha kwamba jambo hilo ni kweli.

Johnson hakubuni hotuba kwa uvivu. Mlango ulikuwa umefungwa. Mwaka 1738 Bunge la Makabwela lilipitisha azimio kwamba kuchapisha mijadala yake ni kuvunja haki za Bunge, hata wakati likiwa mapumzikoni. Cave akapata njia ya kupitia. Jarida lake lilianza kuchapisha mijadala ya baraza la Lilliput, nchi ya watu wadogo ambayo Jonathan Swift aliibuni mwaka 1726. Walpole akawa Walelop, Pitt akawa Ptit. Hakuna aliyedanganyika kuhusu nani ni nani. Walichodanganyika nacho ni maneno.

Johnson alipotambua kwamba watu wameyachukua maneno yale kuwa halisi, aliiacha kazi hiyo. Muda mfupi kabla ya kufa, mwaka 1784, alisema kwamba katika yote aliyoyaandika maishani, hayo peke yake ndiyo yaliyomsuta. Majuto hayo yana uzito wake, ingawa inafaa kukumbuka kwamba aliwahi pia kujigamba kuwa katika taarifa hizo alihakikisha chama cha Whig, ambacho hakukipenda, hakitoki na ushindi.

Mlango ulivunjwa mwaka 1771. Bunge lilituma mjumbe kumkamata mchapishaji John Miller ndani ya Jiji la London. Jiji likamkamata mjumbe. Meya wake, Brass Crosby, pamoja na Richard Oliver na John Wilkes, walimwachia Miller kwa hoja kwamba Bunge halina mamlaka ya kumshika mtu katika eneo lao. Crosby na Oliver walitupwa katika Mnara wa London, lakini umati uliowashangilia barabarani uliwaogofya wabunge kuliko magazeti yenyewe. Azimio la 1738 halikufutwa. Liliachwa tu lizeeke, na tangu hapo taarifa za mijadala zilichapishwa bila Lilliput.

Kuruhusiwa kuchapisha hakukuwa sawa na kuruhusiwa kuandika. Kwa miaka kadhaa zaidi anayechukua maandishi ukumbini aliweza kutolewa nje. Ndiyo maana aliyetamba wakati huo alikuwa William Woodfall wa Morning Chronicle, aliyepewa jina la utani la "Kumbukumbu". Alikaa saa nyingi akisikiliza, huku, kwa simulizi za wenzake, yai la kuchemsha likiwa ndiyo riziki yake, kisha akarudi ofisini na kuumwaga mjadala mzima karatasini. Watu walikuja kumtazama kama wanavyokwenda kutazama kiini macho. Lakini gazeti lililotegemea kichwa cha mtu mmoja lilichelewa kutoka, na katika miaka ya 1780 mshindani wake James Perry alimshinda kwa hesabu rahisi: aliajiri waandishi kadhaa, wakapokezana zamu, na habari za usiku zikawa mezani asubuhi.

Kisha ikaja hati mkato. Charles Dickens alijifunza mfumo wa Gurney akiwa kijana, na kati ya mwaka 1834 na 1836 alikuwa mwandishi wa Morning Chronicle. Akiwa mzee alisimulia jinsi alivyonakili hati zake akiwa ndani ya gari la farasi lililokuwa likikimbia usiku, karatasi juu ya kiganja, taa hafifu pembeni. Mwaka 1837 Isaac Pitman akachapisha mfumo wake uliofuata sauti za matamshi, na ustadi uliokuwa wa wachache ukawa somo la vijana wa kawaida. Sasa "said" ilikuwa na ushahidi nyuma yake: daftari.

Hata hivyo, maneno hayakuwekwa katika alama za nukuu kama tunavyotarajia leo. Taarifa za Bunge za Hansard, zilizoanzishwa na William Cobbett mwaka 1803 na kupewa jina la mchapishaji aliyezirithi, zilikusanywa kutoka magazetini na kwa sehemu kubwa ziliandikwa kwa usemi wa taarifa: mheshimiwa fulani alisema kwamba hakubaliani, kwamba ameshangazwa, kwamba angeomba ufafanuzi. Mwandishi alisimama kati ya msemaji na msomaji kama mkalimani. Bunge lilianza kuwa na waandishi wake rasmi na taarifa kamili mwaka 1909.

Mahakama nazo zilikuwa na lao. Katika sheria ya Uingereza, anayerudia kashfa huhesabiwa kama aliyeitamka. Kumtaja aliyeianzisha hakumwokoi. Mhariri aliyeandika "fulani alisema kwamba jirani yake ni mwizi" aliweza kushtakiwa sawasawa na huyo fulani. Kesi ya Wason dhidi ya Walter, iliyoamuliwa mwaka 1868, ililipa gazeti la The Times, na magazeti yote, nafuu kubwa: taarifa ya haki na sahihi ya mjadala wa Bunge haitahesabiwa kuwa kashfa, hata kama kilichosemwa bungeni kinamchafua mtu. Hapo kitenzi chetu kilipata ngao ya kisheria iliyo wazi, na ngao hiyo iliwafaa kwanza wenye vyeo, ambao maneno yao husemwa mahali penye kinga.

Marekani walikuwa wameanza mtindo mwingine kabisa. Tarehe 13 Julai 1859, mhariri wa New York Tribune, Horace Greeley, aliketi na kiongozi wa Wamormoni Brigham Young katika Salt Lake City kwa muda wa saa mbili hivi, akamwuliza kuhusu utumwa, kuhusu zaka, na kuhusu idadi ya wake zake. Mazungumzo yalichapishwa mwezi uliofuata kwa mtindo wa swali na jibu. Hapo awali mwandishi alisubiri mkubwa azungumze hadharani. Sasa alimfuata nyumbani na kumfanya azungumze. Wengi waliokuwa na heshima zao waliliona jambo hili kuwa utovu wa adabu, na jarida la The Nation liliandika mwaka 1869 kwamba mahojiano ni kazi ya pamoja ya mwanasiasa laghai na mwandishi laghai. Tusi hilo bado lina watetezi wake.

Uingereza ilichelewa kuupokea mtindo huo mpaka W. T. Stead wa Pall Mall Gazette alipouchukua kwa mikono miwili. Mnamo Januari 1884 alimfuata Jenerali Charles Gordon huko Southampton na kumhoji kuhusu vita vya Mahdi nchini Sudan. Gazeti lilichapisha aliyoyasema Gordon pamoja na wito kwamba apelekwe Khartoum. Magazeti mengine yakaupokea wito huo, na kabla mwezi haujaisha Gordon alikuwa njiani. Aliuawa Khartoum tarehe 26 Januari 1885, jeshi la kumwokoa likichelewa kwa siku mbili. Serikali ya Waziri Mkuu Gladstone ilikuwa na sababu zake za kumtuma, na si haki kulibebesha gazeti moja msiba wote. Lakini ilidhihirika kwamba mhariri anayechagua nani aulizwe na lini ana nguvu kuliko anayenukuu tu.

Karne ya 20 ilipoingia, wengine walikichoka kitenzi hiki. Vitabu vya vijana vya Tom Swift, vilivyoanza mwaka 1910, vilijulikana kwa kukikwepa, au kwa kukipachika kielezi kila kilipotokea. Baadaye Wamarekani waliugeuza mtindo huo kuwa mchezo wa maneno uliovuma mwaka 1963. Kwa Kiswahili mzaha wa aina hiyo ungekuwa: "Kisu hiki ni butu," alisema kwa ukali. Jarida la Time, lililoasisiwa mwaka 1923 na Briton Hadden na Henry Luce, lilizipindua sentensi ili kitenzi kitangulie jina, na wakubwa wa dunia hawakusema tena bali walifoka, walinguruma na waling'aka. Mwaka 1936 Wolcott Gibbs aliuiga mtindo huo kwa kejeli katika The New Yorker, makala nzima, na kwa muda mrefu ikawa vigumu kulisoma Time bila kumkumbuka yeye.

Mashirika ya habari yalikwenda upande wa pili. Reuters, lililoanzishwa mwaka 1851, na Associated Press, lililoanzishwa mwaka 1846, yaliuza habari hiyo hiyo kwa magazeti ya vyama hasimu. Kitenzi chenye rangi kingemkimbiza mteja. Ndiyo maana miongozo yao, ukiwemo ule wa Associated Press uliotoka kwanza mwaka 1953, imekuwa ikiwarudisha waandishi kwenye "said". Ukiandika "claimed" umemtilia msemaji shaka. Ukiandika "admitted" umemhukumu. Na ukiandika "pointed out" au "noted" umefanya lililo hatari zaidi kwa sababu halionekani: umekubaliana naye.

Wasomaji wa Kiswahili wanaijua mitego hiyo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kusikika Juni 1957, na vyumba vya habari vya Afrika Mashariki vilivyotafsiri taarifa za mashirika hayo, viliipokea pamoja na habari. "Alidai" na "alikiri" hutumiwa kwa uangalifu, hasa katika habari za mahakamani, ambako "anadaiwa" na "anatuhumiwa" ni lazima. Lakini "alibainisha" na "alifafanua" hutapakaa katika kurasa za siasa kana kwamba ni viungo vya mchuzi. Waziri akibainisha kwamba uchumi umekua, mwandishi amekwisha kumwekea sahihi. Angeandika "alisema", angebaki na nafasi ya kwenda kuangalia takwimu.

Lakini usafi wa "said" nao una gharama, na aliyeidhihirisha ni Joseph McCarthy, seneta wa Wisconsin.

Tarehe 9 Februari 1950, katika mji wa Wheeling, West Virginia, McCarthy alilihutubia kundi la wanawake wa chama cha Republican. Kwa taarifa ya gazeti la mji huo, alisema anayo mkononi orodha ya wakomunisti 205 wanaofanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje. Associated Press lilirusha aya chache. Siku moja baadaye, Salt Lake City, idadi ikawa 57. Tarehe 20 mwezi huo, ndani ya Seneti, akazungumza kuhusu kesi 81. Orodha yenyewe haikuonekana.

Waandishi wengi waliokuwa wakimfuata walijua kwamba hana kitu. Kanuni za kazi ndizo zilizowafunga mikono. Seneta wa Marekani akimshtaki mtu kwa uhaini, shtaka lenyewe ni habari. Wajibu wa shirika la habari ulikuwa kuripoti kwa usahihi alichosema, na waliripoti kwa usahihi mkubwa. Hakuna aliyebuni sentensi, kama alivyofanya Johnson. Kila neno lilikuwa daftarini.

McCarthy aliielewa mashine hiyo kuliko wahariri wenyewe. Alitoa tuhuma muda mfupi kabla ya magazeti ya mchana kuingia mitamboni, wakati hakuna tena nafasi ya kumtafuta mtuhumiwa. Tuhuma ilitoka ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Kanusho lilikuja kesho yake, ndani, karibu na matangazo. Hata kamati ya Seneta Millard Tydings, ambayo Julai 1950 iliziita tuhuma hizo ulaghai, iliripotiwa kama upande mmoja wa mabishano: yeye alisema hivi, wao walisema vile, msomaji aamue. Msomaji angeamuaje, ilhali aliyekuwa na nafasi ya kuchunguza alikuwa amejificha nyuma ya kitenzi?

Yalikuwapo magazeti yaliyokataa. Milwaukee Journal, la jimboni kwake McCarthy, lilianza kuingiza katika habari zake maelezo ndani ya mabano, sentensi kwa sentensi, yakionyesha ni wapi kauli ya seneta inapingana na kumbukumbu zilizopo. Habari zilisomeka vibaya, zikijikwaa kila baada ya mistari michache, na hiyo ni sifa yake. Tarehe 9 Machi 1954 Edward R. Murrow wa CBS alitumia njia nyingine: aliwaonyesha watazamaji filamu za McCarthy mwenyewe akizungumza, kisha akaweka ukweli kando ya kila dai. Mwaka huo huo, tarehe 2 Desemba, Seneti ilimkaripia rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22. Ilikuwa imepita karibu miaka 5 tangu Wheeling, na watu wengi walikuwa wamepoteza kazi na marafiki kwa sababu ya sentensi zilizoripotiwa bila kosa.

Funzo hilo halikudumu. Tarehe 8 Septemba 2002, The New York Times liliripoti, likiwanukuu maofisa wa serikali wasiotajwa, kwamba Iraq imetafuta mabomba ya alumini kwa ajili ya kurutubisha urani. Asubuhi hiyo hiyo Makamu wa Rais Dick Cheney alikwenda kwenye televisheni na kuitaja habari ya gazeti hilo. Maofisa waliliambia gazeti, gazeti likaandika maofisa wamesema, kisha mkubwa wao akalitaja gazeti kama shahidi. Johnson angalau alikuwa na majina, hata kama yalikuwa Walelop na Ptit. Tarehe 26 Mei 2004 gazeti lilichapisha tamko la wahariri likikiri kwamba baadhi ya habari zake kuhusu silaha za Iraq hazikuhojiwa inavyostahili.

Mvutano mpya ulihusu kitenzi ambacho wahariri walikikwepa kwa vizazi vingi: "lie", kusema uongo. Septemba 2016 The New York Times lilikitumia ukurasa wa kwanza kuhusu dai la Donald Trump kwamba Barack Obama hakuzaliwa Marekani, na Januari 2017 likakirudia kuhusu dai la Trump la kura haramu. Siku ya kwanza ya mwaka 2017, Gerard Baker, mhariri wa The Wall Street Journal, alieleza katika televisheni kwa nini yeye angesita: uongo ni nia, na mwandishi hawezi kuuona moyo wa mtu. Hoja yake ina nguvu, lakini inatosha tu pale ambapo gazeti, baada ya kuliepuka neno, linasema wazi katika sentensi hiyo hiyo kwamba kilichotamkwa si kweli. Asiyefanya hivyo yuko Wheeling.

The Washington Post lilihesabu madai 30,573 ya uongo au ya kupotosha katika miaka 4 ya kwanza ya urais wa Trump. Waliokuwa wakihesabu walisita kuyaita "lie". Mara ya kwanza walipolitumia neno hilo ilikuwa Agosti 2018, baada ya Michael Cohen, aliyekuwa mwanasheria wa rais, kukiri mahakamani kuhusu malipo ambayo rais alikuwa amesema hayafahamu.